Uwanja wa Ndege wa Kisumu: kwa nini njia yake ni ndefu hivyo, na neno "kimataifa" lina maana gani

Anayetua Kisumu kwa mara ya kwanza huondoka na maswali mawili. Ndege aliyopanda ni ya viti 78, imekwisha kupunguza mwendo, na bado lami inaendelea mbele hadi inapotea machoni. Lami yote hiyo ni ya nini? Halafu jina la uwanja linasema ni wa kimataifa, ilhali kwenye ubao wa ratiba karibu kila ndege inatoka Nairobi au inaelekea Nairobi.

Maswali hayo huulizwa sana, na jibu la haraka huwa ni siasa. Siasa haikosi mahali serikali inapojenga, lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hewa, joto, ziwa na sheria za usafiri wa anga. Mtu akishaelewa hayo manne, hata kuchagua saa ya kusafiri na kufunga samaki wa kupelekea jamaa kunakuwa rahisi.

Ndege zilianza majini

Kisumu ilikuwa kituo cha ndege kabla ya kuwa na uwanja wa maana. Reli kutoka Mombasa ilifika ufukoni mwa ziwa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli zikachukua mizigo kutoka hapo hadi Uganda. Miaka ya 1920 Waingereza walipotafuta njia ya kuruka kutoka kwao hadi kusini mwa Afrika, shida kubwa ilikuwa mahali pa kutua. Kufyeka na kusawazisha ardhi kila baada ya kilomita mia kadhaa kuligharimu sana, na mvua ya siku moja ingeugeuza uwanja wa udongo kuwa tope. Ndege za kutua majini zilikwepa kazi hiyo yote. Mto Nile na Ziwa Victoria vilikuwa njia zilizo tayari, na Kisumu ilikuwa na gati, mafuta, karakana na reli.

Mwaka 1927 Kapteni Gladstone alijaribu kuanzisha safari kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya namna hiyo. Majaribio hayo hayakudumu, lakini njia ilishajulikana. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ikaanza safari za kawaida kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na mwaka uliofuata zikarefushwa hadi Cape Town. Hapo Kisumu ikapata kazi ya pekee: abiria waliotoka Khartoum kwa ndege ya majini walishuka ziwani, wakapanda ndege ya magurudumu iliyowapeleka Nairobi na kusini zaidi. Kwa hiyo mji ulihitaji maji na nchi kavu kwa pamoja. Kuanzia 1937 zikaja ndege kubwa za Short Empire zilizosafiri kutoka Southampton hadi Durban, nazo zikitua Kisumu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940 na anga ya Mediterania kufungwa, barua na abiria kati ya Durban na Sydney walizungushwa kupitia Afrika Mashariki na Misri, na Kisumu ikawa mojawapo ya vituo vya njia hiyo.

Vita vilipokwisha, viwanja vya lami vilikuwa vimetapakaa kila mahali na faida ya kutua majini ikayeyuka. Ndege za mwisho za aina hiyo kuja Kenya zilitumia Ziwa Naivasha, karibu na Nairobi, hadi shirika la BOAC lilipoziondoa mwaka 1950. Kisumu ikabaki na uwanja wa nchi kavu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na njia ya kurukia na kutulia ndege ya kilomita 2 hivi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa utawala wa Rais Mwai Kibaki. Njia ilirefushwa hadi kilomita 3.3, likajengwa jengo jipya la abiria, na uwanja ukapewa hadhi ya kimataifa.

Mita 3,300 za Kisumu si mita 3,300 za Mombasa

Njia ya Kisumu na ile ya uwanja wa Moi, Mombasa, zinakaribiana sana kwa urefu. Ukiziona kwenye karatasi unaweza kudhani zina uwezo mmoja. Hazina.

Ndege hubebwa na hewa, na injini zake hula hewa. Uwanja wa Kisumu uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, iko chini kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na pwani. Joto nalo huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Katika hewa nyepesi bawa halipati msaada wa kutosha mpaka ndege ikimbie kwa kasi zaidi, na injini hazitoi nguvu zake zote za kuifikisha kwenye kasi hiyo. Ndipo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka.

Wahandisi wa viwanja wana kanuni ya makadirio inayotumika duniani kote. Urefu unaohitajika usawa wa bahari huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Matokeo yake huongezwa tena asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi joto la kawaida la kimo hicho, yaani lile la makadirio ya wahandisi, si lile linalopimwa mahali penyewe. Tuijaribu hapa. Chukua ndege inayohitaji mita 2,000 pwani kwenye hali ya kawaida. Mwinuko wa mita 1,150 unaongeza karibu asilimia 27, tunafika mita 2,540 hivi. Joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 7.5, lakini alasiri ya Kisumu hufika nyuzi 30, yaani 22.5 zaidi. Ongeza asilimia 22.5 na unapata mita 3,100.

Basi mita 2,000 zimekuwa 3,100, na hapo ndipo njia ya kilomita 3.3 inapojieleza yenyewe. Ukiigeuza hesabu, njia yote ya sasa inafanya kazi ya njia ya mita 2,120 hivi kwenye usawa wa bahari, na ile ya zamani ilikuwa sawa na mita 1,290 tu. Jeti ya kati ikijaa watu, mizigo na mafuta ya safari ndefu isingeweza kuondoka hapo kwa usalama. (Nyongeza ikizidi asilimia 35, kama hapa, wahandisi hawaishii kwenye kanuni hii, hufanya uchambuzi wa aina mahususi za ndege. Lakini picha ya jumla haibadiliki.)

Eldoret ni mfano mzuri zaidi. Njia yake ina mita 3,500, na wengi husema kwa hiyo inaishinda ya Kisumu. Lakini uwanja wa Eldoret uko karibu mita 2,150 juu, ambako kanieneo imeshuka kwa asilimia 23. Ukipiga hesabu ileile kwa joto la nyuzi 25, mita zake 3,500 zinalingana na mita 1,880 hivi za pwani. Njia ndefu zaidi kwa mita 200 inageuka kuwa fupi zaidi kwa kazi. Ndiyo maana hatushauri kulinganisha viwanja vya nchi hii kwa mita tupu. Kenya ni nchi ya miinuko, na mwinuko hula lami.

Joto la siku nalo lina uzito wake. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 20, ndege yetu ya mita 2,000 itahitaji 2,850 badala ya 3,100. Ndege nzito yenye mzigo wa kwenda mbali hupangwa kuondoka usiku au alfajiri kwa sababu hiyo, na abiria wa mchana wakati mwingine huambiwa kwamba baadhi ya mizigo itafuata kwa ndege nyingine. Anayeambiwa hivyo hajadharauliwa. Uzito umepunguzwa ili ndege iondoke salama.

Lami iliyolowa inadai nafasi pia. Jeti inayotarajia kutua kwenye njia yenye maji hupangiwa asilimia 15 zaidi ya umbali wa kutua wa njia kavu, maana magurudumu hayashiki vizuri. Na mvua za ziwa zinajulikana.

Upepo ndio unaoamua ndege itatokea upande gani

Kwenye ncha za njia ya Kisumu kumechorwa namba 06 na 24. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizofupishwa: 06 ni nyuzi 60, uelekeo wa mashariki-kaskazini-mashariki, 24 ni nyuzi 240, upande wa pili kabisa. Lami ni moja, ila hutumika kwa pande mbili.

Ndege hupendelea kuruka na kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele huipa bawa hewa bure na kupunguza mwendo wa magurudumu juu ya lami. Aina nyingi haziruhusiwi kutua na upepo wa nyuma unaozidi noti 10, karibu kilomita 18.5 kwa saa. Kisumu upepo hugeuka kwa saa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa nzito ya baridi ikateremka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huvutwa kuja kujaza nafasi. Asubuhi basi upepo hutoka zaidi mashariki na kaskazini-mashariki, mchana na jioni hutoka magharibi na kusini-magharibi.

Kwa abiria hii inaonekana dirishani. Asubuhi ndege mara nyingi huja kutoka upande wa ziwa, ikishuka juu ya maji hadi mtu mgeni akadhani inatua ziwani. Unaona mitumbwi na gugumaji kwa ukaribu, kisha ghafla lami. Alasiri huja kutoka upande wa nchi kavu, ambako kuna vilima vya Riat na Kajulu, na nyuma yake ukuta wa Nandi. Upepo ukiwa mwepesi, rubani na mnara wa kuongozea ndege wanaweza kukubaliana kutumia upande unaofaa zaidi, kwa mfano kuruka kuelekea ziwani ambako hakuna kilima mbele.

Upepo huohuo wa ziwa ndio unaoleta vurugu ya jioni. Unapanda na unyevu wake hadi miinuko ya Nandi na Kericho, unakutana na upepo wa mashariki, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Rubani hapiti ndani ya wingu la radi: huzunguka, husubiri angani au hurudi alikotoka. Ndege ya Kisumu ikichelewa saa kumi na moja jioni kwa sababu ya hali ya hewa, wakati jua bado linawaka pale uwanjani, tazama upande wa Nandi Hills.

Asubuhi nayo ina tatizo lake, ila liko Nairobi. Miezi ya Juni hadi Agosti mawingu ya chini na ukungu huchelewesha ndege za alfajiri za huko, na ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, kwa hiyo dakika 40 zilizopotea saa kumi na mbili huendelea kuonekana hadi mchana. Kwa maoni yetu, mwenye hiari achague ndege inayoondoka kati ya saa tatu na saa sita: ukungu umeinuka, radi bado.

Ndege wa manyoya ni hatari ya namna nyingine. Ufuko una korongo marabu, yangeyange na mwewe wanaofuata takataka na matumbo ya samaki. Korongo marabu akiingia kwenye injini haachi kitu kizima. Ndani ya uzio, nyasi hutunzwa kwa kimo cha kati, kwa kuwa zikiwa fupi mno ndege huona wadudu na kujaa, na zikiwa ndefu mno huficha panya wanaowaita mwewe. Nje ya uzio kazi ni ya mji wote. Lundo la taka karibu na njia ya kutua ni sawa na kuwaandalia mlo. Kuna pia nzi wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi mweusi. Hawaangushi ndege, ila huchafua kioo cha mbele na kuzunguka taa usiku.

"Kimataifa" ni ruhusa

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unaiachia kila nchi mamlaka ya kudai kwamba ndege zinazoingia kutoka nje zitue kwenye viwanja vilivyotengwa kwa ukaguzi. Uwanja wa kimataifa basi ni ule wenye forodha, uhamiaji, maafisa wa afya na wakaguzi wa mimea na wanyama. Hadhi hiyo inasema ndege ya kigeni inaweza kutua hapa. Haisemi kwamba itakuja.

Ili ije, mambo mengine mawili lazima yatimie. La kwanza ni makubaliano ya huduma za anga kati ya Kenya na nchi husika, yanayotaja nani aruke na wapi. La pili ni hesabu ya shirika lenyewe, na hapa ndipo Kisumu inapobanwa. Tuchukue Entebbe, iliyo karibu kilomita 250 ng'ambo ya ziwa. Safari fupi hivyo haina gharama fupi: ada za kutua ni zilezile, mafuta mengi huchomwa kwa kupanda tu, na matairi na injini huhesabiwa kwa idadi ya safari. Kiti kitauzwa ghali, wakati basi la usiku kupitia Busia linapita mlangoni. Ndege ya Nairobi kwa upande wake hujazwa na watu wa safari mbalimbali: huyu anaishia mjini, yule anaunganisha Mombasa, mwingine Dubai. Viti 78 hujaa kwa urahisi pale wanaokwenda mahali kumi tofauti wanapopita lango moja.

Mizigo inafuata mantiki hiyohiyo. Minofu ya mbuta inayouzwa Ulaya hupelekwa Nairobi kwa malori ya baridi, ingawa uwanja wenye njia ya kutosha uko pua na mdomo na ziwa. Ndege ya mizigo hailipi ikija tupu. Lazima kuwe na kitu cha kuleta na cha kurudisha, kwa ratiba isiyoyumba. Inahitaji pia vyumba vya baridi pale pale uwanjani, maana saa mbili za samaki kwenye nyuzi 30 ni hasara. Lami ya Kisumu ipo, na sisi tunaamini kinachostahili kudaiwa sasa ni hivyo vyumba vya baridi na wateja wa mizigo ya kuja, kabla ya mtu kuzungumzia kurefusha njia tena.

Kufika na kuondoka

Uwanja uko kaskazini-magharibi mwa mji, kilomita chache kutoka katikati, kando ya barabara ya Busia, jirani na Bandani na Usoma. Reli haifiki hapo. Tuktuk hubeba watatu na mabegi madogo. Mwenye masanduku mawili makubwa achukue teksi, na kwa vyovyote bei ikubalike kabla ya kupanda. Matatu za Maseno, Luanda na Busia hupita njia hiyohiyo na zitakushusha kwenye barabara kuu. Kutoka hapo utaingia kwa miguu au kwa boda boda.

Anayetoka Busia, Siaya au Bondo hana haja ya kuingia mjini, kwani baada ya makutano ya Kisian atakutana na uwanja kabla ya mji. Anayetoka Kakamega na Vihiga huteremkia Mamboleo na Kondele. Wa Kericho, Ahero na Kisii ndio wanaopaswa kujihadhari: lazima wavuke mji wote, na magari ya jioni yanaweza kula nusu saa waliyoipangia kaunta. Kutoka Kericho ni kilomita 80 hivi, Kisii 110 hivi. Anayeishi Nakuru kwa kawaida hapotezi muda na uwanja huu, kwa sababu barabara ya Nairobi ni fupi zaidi kwake.

Kabla ya kuondoka nyumbani soma tiketi mara mbili. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, na kuna wanaokosa ndege kwa kuchanganya hizo mbili. Angalia pia uwanja wa Nairobi. Kenya Airways na Jambojet hutumia Jomo Kenyatta. Safarilink hutumia Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Anayeunganisha kwenda ng'ambo kutoka Wilson lazima avuke jiji kwa gari, na aipangie safari hiyo saa mbili au zaidi. Anayesafiri nje kwa tiketi moja kupitia Jomo Kenyatta aulize Kisumu kama begi lake limeandikwa hadi mwisho wa safari. Pasipoti atagongewa Nairobi. Kaunta hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuruka, kulingana na shirika. Utakaguliwa mlangoni na tena kabla ya ukumbi wa kusubiri, kwa hiyo saa moja na nusu kabla ya safari ya ndani ni muda wa haki.

Samaki wanasafiri vizuri wakifungwa vizuri. Wa kukaanga wakaushwe kabisa kwenye mafuta na waachwe wapoe usiku kucha. Wakifungwa vuguvugu, mvuke hugeuka maji, boksi hulegea chini na harufu hutoka. Wafunge kwa karatasi tabaka mbili tatu, kisha ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mbuta mbichi agandishwe siku nzima, awekwe kwenye boksi la kuhifadhi baridi na kufungwa kwa utepe pande zote. Usitie barafu ya kawaida, itayeyuka na mzigo utakataliwa kwa kuvuja. Barafu kavu inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, shirika likiwa limekubali, na boksi liachiwe tundu la gesi kutokea. Kisu cha kupasulia samaki kiende kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Betri ya kuchajia simu ifanye kinyume chake, ikae mkononi: zidisha uwezo wake kwa volti 3.7, na ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, chini ya kikomo cha 100.